Sufuria, kinu au bamba la shaba: uanze na ipi Lubumbashi ukitaka kutengeneza fuwele zenye vinyweleo?

Wanafunzi wanaomaliza kemia Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) huuliza swali hili, na mafundi wenye atelye ndogo kule Kampemba na Ruashi pia: shaba tunayo, udongo tunao, kwa nini tuagize nje poda za kunyonya unyevu na gesi, zile za fuwele zenye vinyweleo, yaani matundu madogo mno ndani yake? Si lazima tuagize zote. Lakini njia za kuzitengeneza ni nyingi, na zile zinazosifiwa kwenye makala za kisayansi nyingine haziwezi kuvumilia delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, wala gharama ya mzigo unaongoja mpakani Kasumbalesa, wala mtaro wa maji machafu unaopita nyuma ya ukuta wa jirani. Nimezipanga hapa ubavu kwa ubavu, na ninayoipendelea nitaitaja bila kuficha.

Familia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni zeoliti, yaani silika na alumina zilizoungana zikaacha ndani ya fuwele matundu yenye kipimo kimoja. Zeoliti maarufu za kutengenezwa zilitoka kwenye labo za Union Carbide, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, na leo zimo katika sabuni za unga na katika mashine za kutenga oksijeni hospitalini. Ya pili ni mofu (kwa kifupi cha Kiingereza, MOF): vifundo vya metali vilivyoshikanishwa na viungo vya kaboni, kama jukwaa la miti ambalo waashi hupandia, nguzo chache na nafasi tupu nyingi. Kwa kazi hiyo Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Mofu inayotuvutia zaidi sisi watu wa Katanga ni HKUST-1, iliyotangazwa Hong Kong mwaka 1999, kwa sababu metali yake ni shaba.

Unataka kukausha nini?

Wengi huanza na njia, wakamaliza na debe la poda lisilo na mnunuzi. Anza na kazi.

Ukitaka kukausha mbegu za mahindi ndani ya pipa lililofungwa, au hewa ya kompresa, au mafuta ya transfoma, zeoliti aina ya 4A inatosha. Inashika maji hata hewa ikiwa kavu sana, na haiyaachii kirahisi: inabidi uipashe hadi nyuzi 200 au 300 ndipo iwe tayari kwa kazi tena. Ukitaka kitu kinachonyonya unyevu usiku na kuuachia mchana kwa joto la kawaida la jua lililokusanywa, zeoliti itakusumbua. Hapo fumarati ya alumini, mofu nyeupe isiyo na makuu, inaishinda kwa mbali: kilo moja hubeba karibu gramu 400 za maji na huyaachia kwenye nyuzi 60 hadi 90.

HKUST-1 ni ya gesi. Ikiwa kavu, gramu moja ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1500, na shaba yake iliyo wazi hushika amonia na gesi nyingine kwa nguvu. Lakini unyevu ukikaa nayo muda mrefu huibomoa, na ikibomoka shaba hutoka. Kwa hiyo usiiweke kamwe kwenye maji ya kunywa, hata mtu akikuletea mchoro mzuri wa kichujio. Na zeoliti ya nyumbani, hata ikitoka safi namna gani, haiingii kwenye mashine ya oksijeni ya mgonjwa. Hayo mawili sibishani nayo.

Otoklavu na DMF

Hii ndiyo njia ya vitabu. Unayeyusha naitrati ya shaba na asidi trimesiki (ndiyo kiungo cha kaboni cha HKUST-1) katika mchanganyiko wa maji, alkoholi na kiyeyusho kiitwacho DMF, unafunga chombo cha presha, yaani otoklavu, unakiweka kwenye oveni ya nyuzi 85 kwa saa 20 hivi. Fuwele hutoka nzuri, kubwa, za buluu, za kupigwa picha.

Sasa zihesabu saa hizo 20 kwa saa za mtaa wako. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mabwawa, kwa hiyo ukiwepo ni msafi kuliko wa nchi nyingi. Shida ni kuwepo kwake. Oveni ikipoa katikati, unapata fuwele za kila saizi zikiwa zimechanganyika na malighafi ambayo haijaungana. Ukiwasha jenereta kuokoa kazi, mazuti yanakula faida pamoja na usafi wote ulioutangaza kwenye barua ya kuomba ufadhili.

Halafu kuna DMF yenyewe. Inachemka kwenye nyuzi 153, kwa hiyo kuitoa ndani ya vinyweleo ni kazi nyingine ya joto. Inapenya ngozi, inaumiza ini, na ni hatari kwa mimba. Umoja wa Ulaya umeibana kwa masharti makali tangu Desemba 2023. Naitrati nayo ina mkia wake. Kwa hesabu ya kemia tupu, kila kilo moja ya HKUST-1 inayotokana na naitrati huacha nyuma kitu kinacholingana na gramu 625 hivi za asidi naitriki. Itaenda wapi? Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu tayari ina mzigo wake wa kutosha.

Mikrowevu hufupisha saa hizo kuwa dakika, na kwa kutafuta resipe mpya ni kifaa kizuri. Ila ukibaki na kiyeyusho kilekile, umeharakisha tatizo tu.

Sufuria ya maji

Hapa kuna resipe mbili zinazofanana kwa vyombo lakini zinatofautiana kwa tabia.

Fumarati ya alumini: unayeyusha salfeti ya alumini, ileile ya kusafishia maji ya mto, kwenye sufuria moja. Kwenye nyingine unayeyusha asidi fumariki kwa soda kostiki. Unavipasha hadi nyuzi 60, unamimina pamoja polepole huku ukikoroga, na uji mweupe unaanza kuonekana papo hapo. Hakuna presha, hakuna kiyeyusho cha kuogopa. Wakemia wa BASF, kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani, walionyesha kwamba kwa njia ya maji ya aina hii chombo cha mita moja ya ujazo kinaweza kutoa zaidi ya kilo 3600 kwa siku, na kwa mofu, hiyo ni kasi kubwa ajabu. Asidi fumariki ni bei rahisi kwa sababu viwanda vya chakula huitumia kutia ukali. Umeme ukikatika, poa. Nyuzi 60 unaweza kuzishikilia hata kwa maji ya moto kutoka paneli ya jua.

Kasoro yake iko kwenye kuchuja. Uji huo ni laini mno, unaziba kitambaa, na kila kilo ya mofu inakuja na kilo 1.35 hivi za salfeti ya sodiamu iliyoyeyuka kwenye maji ya kuoshea. Si sumu kama shaba, lakini ukiimwaga kwenye bustani ya mchicha kwa wiki kadhaa utaiua bustani. Panga mapema beseni la kuyakausha maji hayo. Kiangazi cha Mei hadi Septemba kitakusaidia sana. Masika hayatakusaidia hata kidogo.

Zeoliti 4A: hapa malighafi ni pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vibonge na ambao akina mama wajawazito hupenda kuutafuna. Pemba safi ni kaolini, na kaolini ina silika na alumina kwa uwiano uleule ambao zeoliti A inautaka. Unaichoma kati ya nyuzi 600 na 800 hadi ipoteze maji yake ya ndani, unaisaga, unaitia kwenye soda kostiki iliyoyeyushwa, na unaishikilia karibu na kuchemka kwa saa kadhaa. Soda hiyo wapika sabuni wa komuni zetu za Kenya na Katuba wanaijua vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Ichukue kwao, na uwaombe pia wakufundishe namna ya kuishika bila kuungua.

Mambo mawili madogo huharibu kazi hii kuliko kemia yenyewe. La kwanza ni tanuru. Ukipita nyuzi 950 hivi, udongo unageuka kitu kigumu kisichotaka tena kuungana na soda. Tanuru la matofali halina kipimajoto, kwa hiyo usitupe udongo katikati ya moto. Uweke pembeni, kwenye vyungu vilivyofunikwa, na ujaribu vyungu kutoka sehemu tofauti. La pili ni mwinuko. Mji wetu uko mita 1200 hivi juu ya bahari, na maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96. Soda iliyomo hupandisha kidogo kiwango hicho, lakini resipe inayosema "nyuzi 100 kwa saa sita" iliandikwa na mtu wa pwani. Ongeza muda kidogo, chukua sampuli kila saa, na uache mara inapokamaa, kwa sababu ukiipitiliza zeoliti A hugeuka sodaliti, yenye vinyweleo vidogo mno.

Kuhusu usafi wake, nisiipake rangi. Kwenye sufuria, karibu udongo wote unaingia ndani ya fuwele, na soda inayobaki unaweza kuitumia tena mara ya pili ukiiongezea nguvu. Lakini kwenye tanuru, ukitumia makala (mkaa), unakula misitu ya miombo. Mtu anayechoma pemba kwa makala mapya halafu anaandika "kijani" kwenye mfuko anajidanganya. Pemba iwekwe kwenye tanuru la matofali ambalo lilikuwa linawaka hata hivyo, na hapo hesabu inabadilika.

Kinu

Kusaga ndiyo habari inayopendwa zaidi siku hizi, na nina sababu za kuipenda pia. Unachukua haidroksidi ya shaba na asidi trimesiki, zote poda kavu, unazitia kwenye kinu cha mipira ya chuma pamoja na matone machache ya alkoholi, unazungusha, na baada ya muda mfupi umepata HKUST-1. Kinachotoka pembeni ni maji tu. Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast, kwenye kundi la Stuart James, walikwenda mbali zaidi: walipitisha poda kwenye mashine ya parafujo mbili, jamaa ya zile zinazosukuma plastiki, mofu ikatoka upande wa pili bila kukoma. HKUST-1, fumarati ya alumini na mofu ya zinki iitwayo ZIF-8 zote zilipita humo.

Mji wa migodi una watu wanaojua vinu. Mchomeleaji mzuri atakutengenezea pipa la kuzunguka na mipira ya chuma kwa bei unayoiweza. Ujue tu kwamba pipa linalozunguka polepole halina nguvu ya kinu cha labo, kwa hiyo dakika 30 za makala ya kisayansi zinaweza kuwa saa nyingi kwako. Delestaji haitaua kazi: umeme ukirudi, unaendelea ulipoishia. Hilo kwangu lina uzito kuliko kasi yenyewe.

Lakini uliza haidroksidi ya shaba imetoka wapi. Ukiitengeneza mwenyewe kwa salfeti ya shaba na soda, kila kilo ya mofu imeshaacha gramu 700 hivi za salfeti ya sodiamu kabla kinu hakijawashwa. Uchafu haukuondoka, ulihama tu hatua moja nyuma. Ukitumia asetati ya shaba badala yake, unapata karibu gramu 600 za asidi asetiki kwa kilo, na atelye nzima itanuka siki. Na malakaiti ya vinyago usiifikirie: inakuja na kobalti, chuma na vumbi la mwamba.

Mengine ya kinu: mipira ya chuma huchakaa na kuacha madoa ya chuma kwenye poda, na vumbi la shaba laini namna hiyo si la kuvuta. Barakoa ya kweli, si kitambaa. Na kama kuna mtu anafikiria kuazima mulini wa mahindi wa shangazi yake usiku, aache wazo hilo leo.

Bamba la shaba na betri

Hii haizungumzwi sana, nami naona imezaliwa kwa ajili yetu. Mwaka 2006 wakemia wa BASF walieleza jinsi walivyotumbukiza mabamba mawili ya shaba ndani ya asidi trimesiki iliyoyeyushwa kwenye methanoli, wakapitisha umeme wa volti 12 hadi 19, na baada ya dakika 150 wakachuja HKUST-1. Bamba linajitoa lenyewe kuwa ioni za shaba, ioni zinakutana na asidi, fuwele zinazaliwa. Hakuna naitrati, hakuna salfeti, hakuna asetati. Kwenye bamba la pili inatoka haidrojeni.

Mtu yeyote aliyeona kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme ataitambua kazi hii ikiwa imegeuzwa kinyume: kule shaba inatoka kwenye maji inanata kwenye bamba, hapa inatoka kwenye bamba. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, ule unaotoka moja kwa moja kwenye paneli na betri, bila inveta. Lakini piga hesabu kabla ya kushangilia. Kilo moja ya HKUST-1 kavu ina gramu 315 za shaba, na kuziyeyusha kunataka ampea-saa (Ah) 266 hivi hata kama hakuna umeme unaopotea. Kwa volti 12 hiyo ni zaidi kidogo ya kWh 3. Betri kubwa ya lori, ile ya Ah 200, haimalizi kilo moja. Kwa gramu 100 kwa siku, paneli mbili za kawaida zinatosha vizuri.

Hatari iko hapa: kilo hiyo moja inatoa zaidi ya lita 100 za haidrojeni, juu ya chombo chenye mvuke wa methanoli. Cheche moja tu. Fanya kazi nje, chini ya paa lisilo na kuta, waya zishikwe kwa skrubu na si kwa koleo linaloteleza, na usiguse waya wowote kabla ya kuzima. Methanoli ikimwagika au ikinywewa kwa makosa, inapofusha. Kuna resipe za alkoholi ya kawaida na maji, zenye chumvi ya kupitisha umeme. Ni za polepole kidogo na zinataka kuoshwa vizuri zaidi, lakini mimi ningeanza na hizo. Na shaba inunuliwe penye risiti, si kwa kijana aliyekata waya usiku.

Shaba ni yetu, nusu nyingine si yetu

Hapa ndipo hesabu ya wengi inapoanguka. Kila kilo ya HKUST-1, kwa njia yoyote ile, inakula karibu gramu 700 za asidi trimesiki. Shaba haifiki theluthi. Asidi hiyo inakuja kwa meli na lori, na bei yake ndiyo itakayoamua bei ya mfuko wako, hata shaba ungeipewa bure. Fumarati ya alumini ina hali hiyohiyo, gramu 730 hivi za asidi fumariki kwa kilo, ila asidi yake ni rahisi zaidi. Zeoliti ndiyo pekee inayotaka kutoka nje soda tu, na soda tayari inaingia mjini kwa ajili ya sabuni.

Viwanda vikubwa vimeliona jambo hili pia. Mofu iliyovuka kutoka labo hadi kwenye kiwanda cha saruji karibu na Vancouver, Kanada, kunasa kaboni dioksidi, ni CALF-20, ya zinki na viungo viwili vidogo vya bei nafuu. Kwa eneo la ndani inashindwa na mofu nyingi. Inavumilia mvuke wa maji, na BASF ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaweza kuitengeneza kwa mamia ya tani kwa mwaka. Wanaoshindana kwa mita za mraba kwa gramu waendelee kushindana.

Mimi ningechagua hivi

Atelye isiyo na fedha za kupoteza, inayotaka kitu cha kuuza kwa wenye maghala ya mbegu au wenye kompresa: zeoliti ya pemba. Haina sifa mtandaoni na haitakupeleka kwenye mkutano wa kimataifa, lakini mteja akirudi utakuwa na malighafi.

Labo ya chuo yenye oveni na mwalimu mvumilivu: fumarati ya alumini, sufuriani, na mradi wa kuvuna maji ya hewa. Kiangazi chetu kikavu ni mtihani wa haki kwa mradi huo, maana ukishinda Julai utashinda mwezi wowote.

Anayetaka shaba kwa vyovyote, kwa sababu anatafiti vichujio vya amonia au anataka tu kuona shaba ya Katanga ikifanya kazi nyingine: bamba na betri kwa kiasi kidogo. Kinu kije baadaye, akishapata haidroksidi safi kutoka kwa mtu ambaye uchafu wake anaujua. Otoklavu na DMF ningemwachia mwenye kofia ya kuvuta hewa chafu, mkataba wa kuteketeza taka, na umeme usiozimika.

Njia yoyote utakayochukua, usiamini rangi ya poda peke yake. HKUST-1 iliyokauka kweli ni buluu iliyoiva inayokaribia zambarau. Ipulizie pumzi na itageuka samawati mbele ya macho yako, na hapo umejua angalau vinyweleo vimefunguka. Zeoliti ni nyeupe ikiwa nzuri na nyeupe ikiwa mbaya. Ipashe nyuzi 300 kwa saa mbili, ipime ikiwa bado vuguvugu ndani ya chupa iliyofungwa, kisha iache usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko na bakuli la maji kando yake. Asubuhi ipime tena. Iliyofanikiwa imeongeza sehemu moja kwa tano ya uzito wake au zaidi. Ikiwa imeongeza gramu chache tu kwa mia, umeuza pemba iliyochomwa, na mnunuzi wa kwanza mwenye mizani atakuambia. Ikipita mtihani huo, ndipo ulipie kipimo cha mionzi-X kwenye labo ya madini, ukiwa na sampuli mbili: ya kundi hili na ya kundi lililopita.